Ndizi mbivu, mwani na mawe ya volkano: jaribio la homoni

Ndizi mbivu hutoa ethileni, gesi ambayo kwa mimea ni homoni. Ndiyo inayoivisha zile ndizi mbichi zilizo jirani. Mwaka 2015 watafiti walionyesha kwamba Spirogyra, mwani wa kijani wa maji baridi, nao huitikia: seli zake hurefuka. Hapa Goma nalifanya jaribio hili na wanafunzi wangu kwa vitu vya sokoni.

1. Tafuta mwani. Wangu ulitoka bwawa la samaki upande wa Sake. Ushike: Spirogyra huteleza kama bamia iliyopikwa. Mwani ukikwaruza vidole na ukiwa na matawi, huenda ni Cladophora, mwani mwingine wa kijani, uache. Kwenye hadubini utaona utepe wa kijani umejizungusha ndani ya seli kama springi. Usijaribu na Chlorella wala Chlamydomonas, mwani wa seli moja moja. Hazina mnyororo kamili wa protini za kuipokea ethileni.

2. Gawa. Bokali tatu (chupa za kioo zenye mdomo mpana), maji ya bwawa lenyewe yaliyochujwa kwa kitambaa, nyuzi chache kila moja. Maji yenye javeli (dawa ya klorini) yataua kila kitu.

3. Funga. Kila bokali, wazi, ndani ya ndoo yake ya plastiki angavu yenye kifuniko. Ndoo A haina kitu kingine. B ina kamaramasenge (ndizi ndogo tamu) nne zilizoiva hasa, kando ya bokali. (Mara ya kwanza nilitumbukiza ndizi majini. Siku ya pili tulikimbia harufu.) C ina ndizi nne vilevile, pamoja na mawe.

Mawe ndiyo roho ya jaribio. Ndizi hutoa pia kaboni dayoksaidi, na mwani huila, kwa hiyo B peke yake haithibitishi lolote. Chukua mawe mepesi ya volkano yenye matundu, hapa tunayakanyaga kila siku, uyaloweke katika permanganati ya potasiamu kutoka famasi, kisha uyakaushe. Permanganati huharibu ethileni. Vaa glavu, la sivyo utatembea na vidole vya kahawia wiki nzima.

4. Subiri na upime. Siku nne dirishani, pasipo jua kali. Usifungue kuchungulia, gesi itatoka. Kisha piga picha kwa simu kupitia hadubini, upime urefu wa seli 30 za kila bokali.

Ndani ya seli, kipokezi hunasa ethileni kwa msaada wa shaba. Ndiyo, shaba ileile ya Katanga. Bila gesi, kipokezi hukanyaga breki: protini CTR1 huizuia EIN2, protini inayopeleka ujumbe. Gesi ikifika, breki huachiwa, na protini ya mwisho, EIN3, huwasha jeni kwenye kiini.

B ikirefuka na C ikabaki kama A, ni ethileni. Zote mbili zikirefuka sawa, angalia mawe kwanza: yakiwa yamegeuka kutoka zambarau kuwa kahawia, dawa imekwisha. Loweka mengine, urudie.