Jinsi ya Kuandika Wasifu wa Bibi Aliyekuwa Mkutubi wa Shule

Anza kazi hii bibi angali hai. Kwetu Uganda wasifu wa mtu husomwa siku ya mazishi, na mara nyingi huandikwa usiku wa kuamkia siku hiyo na mjukuu yeyote mwenye mwandiko unaosomeka, huku waombolezaji wakimpa habari zinazopingana. Ukiuandika mapema, mwenyewe atakusahihisha, na mtu aliyeshika kalamu nyekundu maisha yake yote hatakuonea huruma. Bibi yangu, aliyekuwa mkutubi wa shule ya msingi huku Jinja, aliufuta ukurasa wangu wote wa kwanza kwa kuwa nilimwita "mama wa wote"; aliniuliza hao wote walikuwa wangapi, na majina yao nimeyaandika wapi. Tangu hapo niliziacha sifa nikafuata madaftari yake.

Kabla ya madaftari, hata hivyo, kuna miaka ambayo haikuandikwa popote. Wengi waliozaliwa kabla ya uhuru hawana cheti cha kuzaliwa, hivyo badala ya kumwuliza bibi alizaliwa lini, mwulize alikuwa mkubwa kiasi gani wakati wa tukio ambalo tarehe yake inajulikana. Kwa watu wa Jinja kipimo kizuri ni Bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa na Malkia Elizabeth mwaka 1954. Kisha kuna uhuru wa tarehe 9 Oktoba 1962, na mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 kuondoka nchini, jambo ambalo mkazi wa hapa wa umri huo hawezi kulisahau, kwa kuwa maduka mengi ya mji yalikuwa yao. Bibi alisema bwawa lilipofunguliwa alikuwa akibebwa mgongoni, na Waasia walipoondoka alikuwa chuo cha ualimu. Majibu mawili yakipatana, andika mwaka. Yasipopatana, andika "yapata mwaka", wala si aibu.

Kuhusu elimu yake, andika ilivyokuwa. Chuo cha Ukutubi cha Afrika Mashariki kilianzishwa Makerere mwaka 1963, na jamaa wangependa kumpitisha kila mkutubi hapo, ilhali bibi yangu, kama wengine wengi, alikuwa mwalimu aliyekabidhiwa ufunguo wa stoo na kuambiwa ajitegemee.

Sasa omba madaftari. Rejesta ya vitabu itakuonyesha kila kitabu kilipewa namba gani, kilitoka wapi na kilifika lini. Daftari la kuazimia litakuonyesha nani alikichukua, alikuwa darasa la ngapi, na kama alikirudisha. Usiyasome kwa haraka. Tafuta majina yanayojirudia, maana mtoto aliyeazima mara thelathini kwa mwaka ndiye shahidi wako wa kwanza, na huenda sasa ni mtu mzima anayeishi mtaa wa pili. Tazama pia kurasa zinavyobadilika mwaka 1997, elimu ya msingi kwa wote ilipoanza na madarasa yakafurika: katika daftari la bibi, safu ya vitabu vilivyopelekwa nyumbani inakoma muhula wa pili wa mwaka huo, na mahali pake kuna majina ya watoto sita sita mbele ya kitabu kimoja kilichosomewa palepale chumbani. Hakuna aliyekuwa amenisimulia habari hiyo.

Mwulize na juu ya rafu. Mfumo wa Dewey wa kupanga vitabu vya maktaba kwa namba za mada, uliotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1876, unaipa historia ya Uganda namba 967.61 na ngano namba 398.2; kama hakuutumia, basi alibuni wake, pengine wa rangi za karatasi kwenye migongo ya vitabu. Nilipotaja mchwa bibi alizungumza saa nzima, akaeleza namna alivyoisimamisha miguu ya rafu ndani ya makopo ya oili chafu, nami nikampa mchwa ukurasa mzima.

Ubibi wake usiutenge kuwa kipande cha mwisho chenye orodha ya wajukuu. Alistaafu akiwa na miaka 60, lakini shule zilipofungwa kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022, wajukuu na watoto wa majirani waliazima vitabu barazani kwake, na kila mmoja aliandikwa kwenye daftari la kurasa 96, hata mimi niliyekuwa mtu mzima.

Tuliuandika kwa Kiswahili, lugha rasmi ya pili nchini tangu 2005, kwa sababu tuna wakwe wa Arua na Tororo wasiosikia Lusoga. Usomeke kwa dakika kumi, kwa sauti. Acha pambizo pana, mpe bibi nakala pamoja na penseli, kisha umwachie wiki nzima. Nakala yangu ilirudi na masahihisho kumi na manne na, chini kabisa, namba ya kitabu nilichoazima barazani mwaka 2021.