Jumuiya yenu ikitaka kwenda mkutano wa kijiji, anzieni hapa

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa. Juzi kuna ndugu kanipigia anauliza jumuiya yetu, hii ndogondogo ya majirani Wakatoliki tunaosali pamoja, ilianzaje kushiriki mikutano ya kijiji, maana kwao kila Jumamosi alfajiri wanaombea maji ya bomba na bomba lenyewe limekauka mwaka wa pili huu, nikaona bora niandike wasome na wengine.

Anzeni na Neno kwanza, siasa itajileta yenyewe. Sisi tulisoma Hesabu 27, wale mabinti watano wa Selofehadi, Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa, baba yao kafa hajaacha mtoto wa kiume na urithi wa ardhi unataka kuwapita hivihivi. Hawakwenda kunong'ona kisimani, walienda kusimama mbele ya Musa na kuhani na wakuu na mkutano wote wakasema shida yao, na Mungu akamwambia Musa mabinti hawa wamesema haki. Someni taratibu halafu mwulizane kitu kimoja tu, hapa kwetu nani anapitwa? Msikimbilie jibu. Kwetu ilichukua wiki tatu, wiki ya kwanza watu wanaongelea Dodoma na bei ya mafuta, ya pili wakaanza kusogea nyumbani, ya tatu mama mmoja mjane, yule anayekaaga karibu na mlango na kuwahi kuondoka, akasema shemeji zangu wameshalipima shamba kwa hatua. Pakawa kimya kabisa, maana shemeji mmojawapo alikuwa amekaa palepale, kashika kitabu cha nyimbo.

Sasa mjue mkutano wenyewe ni nini, maana wengi wanadhani ni wa wajumbe. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa Na. 7 ya 1982, mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyefikisha miaka 18, unatakiwa kukaa angalau kila miezi mitatu, na hapo ndipo mapato na matumizi yanasomwa. Halmashauri ya kijiji ina watu 15 hadi 25, nao wanawajibika kwenu. Kama haujaitishwa muda mrefu andikeni barua kwa mtendaji, mbaki na nakala iliyogongwa muhuri.

Halafu nendeni na swali moja. Moja jamani! Tukienda na kumi tunajibiwa lile jepesi na jua linazama. La kwetu tuliliandika kwenye karatasi: hela ya ndoo iliyokusanywa miezi sita hii ni shilingi ngapi na imefanya nini. Hatukuuliza "nani kala hela ya maji", kwa sababu ukishamshtaki mtu mbele ya watu atajitetea mpaka mwisho, na pengine hajala, pampu iliungua na hakuna aliyewaambia wananchi. Aulize yule anayebeba ndoo, mwenyekiti wa jumuiya akae kimya. Na mkishajibiwa, ombeni swali na jibu viandikwe kwenye muhtasari, hapa ndipo penye kazi hasa, kwa sababu kilichoandikwa kitarudi mkutano ujao kwenye yatokanayo, yaani pale wanapofuatilia mambo ya mkutano uliopita, na ambacho hakikuandikwa kimeshakufa.

Kabla ya siku yenyewe kaongeeni na majirani Waislamu, kiu ni ileile. Kwetu mzee mmoja wa msikitini ndiye aliyesimama wa pili kuunga mkono na uso wa mkutano ukabadilika palepale. Kina mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki Tanzania, wasivae sare siku hiyo tafadhali, watu wataona kanisa limekuja kuchukua kijiji.

Wagombea watakuja tu, msimu ukifika watakumbuka jumuiya zote. Wapokeeni kama mkristo mwingine yeyote, wakae, wasali, sadaka yao iingie kikapuni bila kutangazwa, kipaza sauti wasipewe. Hilo msilegeze hata kama mgombea ni mtoto wenu wa ubatizo.

Shamba la mjane hatukulipeleka mkutanoni, na nawashauri hivyohivyo, anzeni na ukoo. Wazee wawili wa jumuiya walimsindikiza kwenye kikao, hawakuanza kusema mila ni mbaya, waliuliza tu wazee, zamani shamba likirudi kwenye ukoo mjane na watoto walilishwa na nani? Wakajibu, na ukoo. Wakaulizwa, na hawa sasa hivi wanalishwa na nani? Yaani mila ilikuwa na mzigo na haki pamoja, leo tunachukua haki tunauacha mzigo, na mkristo anayeshiriki hilo asijifiche nyuma ya mila. Mkishindwa kwa ukoo lipo baraza la ardhi la kijiji, wajumbe saba na wanawake wasiopungua watatu, kazi yake ni kusuluhisha. Na nyie wanaume mlio hai, kama kijiji chenu kinatoa hati ya hakimiliki ya kimila, inayotokana na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, kaandikisheni jina lako na la mke wako pamoja mwaka huuhuu, msisubiri tuje kuwasemea makaburini.

Kwetu maji yanatoka Jumanne na Ijumaa. Ukoo umemwachia mama ekari mbili kati ya tatu, ya tatu wazee wanaiendea tena mwezi ujao na safari hii yule shemeji wa kitabu cha nyimbo amesema ataenda nao.