Somo: Kukusanya postikadi za maeneo ya kihistoria, kuanzia Iringa hadi Tukuyu

Somo hili ni la mwenye kadi tano au kumi anayetaka kuzipanga vizuri. Tunabaki Nyanda za Juu Kusini. Ukisema utakusanya Tanzania nzima, utajikuta na twiga na Kilimanjaro, maana ndizo zinazojaa madukani. Za Kalenga au Isimila hazikufuati, unazifuata wewe.

Hatua ya 1: Andika orodha kabla ya kununua

Maeneo sita yanatosha kuanzia: Kalenga (makumbusho yenye fuvu la Mtwa Mkwawa, lililorudishwa kutoka Ujerumani 1954), mnara wa Lugalo, Isimila na nguzo zake za udongo, Boma la Iringa, misheni ya Rungwe, na kimondo cha Mbozi. Kila eneo lipe herufi, mfano KAL, LUG, ISI, kisha namba: KAL-001. Namba iandikwe kwenye mfuko wa kadi. Usiiandike kwenye kadi yenyewe.

Hatua ya 2: Jifunze majina ya zamani

Hapa ndipo wengi wanapitwa na kadi nzuri. Ukitafuta "Tukuyu" kwenye minada ya Ulaya unaweza kukosa kabisa kadi za enzi ya Mjerumani, kwa sababu mji uliandikwa Neu-Langenburg. Kalenga iliitwa Alt-Iringa. Nchi ya Wahehe ni Uhehe, na upande wa Wanyakyusa tafuta Konde au Kondeland. Ziwa Nyasa ni Nyassa-See, s mbili. Bismarckburg ni Kasanga, kule Rukwa, lakini angalia: Togo nayo ilikuwa na Bismarckburg yake, na wauzaji huzichanganya.

Kadi za misheni nazo zina njia yake. Wamoravian, wamisionari kutoka Ujerumani, walifika Rungwe 1891, hivyo maelezo ya kadi zao yatafute kwa Kijerumani. Za Tosamaganga zitafute pia kwa Kiitaliano, chini ya jina la Consolata, shirika la wamisionari Wakatoliki kutoka Italia.

Hatua ya 3: Geuza kadi, soma mgongo

Picha inavutia, lakini ukweli wa kadi uko nyuma.

Anza na mstari wa katikati. Kadi za Kijerumani zilianza kugawanywa mgongo mwaka 1905: kushoto ujumbe, kulia anwani. Isiyo na mstari, ambayo mgongo wote ni wa anwani na salamu zimebanwa pembeni mwa picha, kwa kawaida ilichapwa kabla ya hapo. Kuchapwa si kutumwa, lakini. Kadi ingeweza kukaa dukani miaka mitano ndipo mtu akaituma.

Kisha stempu. Yenye meli ya Kaisari na thamani kwa "pesa" (jina la sarafu ndogo ya enzi hiyo) ilianza 1901. Kuanzia 1905 rupia iligawanywa kwa heller 100 badala ya pesa 64, na stempu zikafuata. Zilizogongwa G.E.A. (German East Africa) ni za baada ya Waingereza kuingia. Kichwa cha twiga na neno Tanganyika ni kuanzia 1922. Kuanzia 1935 utaona Kenya, Uganda na Tanganyika kwenye stempu moja, kwa hiyo usitupe kadi ya Iringa ukidhani stempu ni ya nchi nyingine.

Kadi za karibuni husomwa kwa mipaka ya mikoa. Maelezo yakisema "Njombe, mkoa wa Iringa", elekea kabla ya 2012. "Mbozi, Mbeya" elekea kabla ya 2016, mkoa wa Songwe ulipoanzishwa. Ni dalili tu, maana wachapaji nao huchelewa kubadilisha.

Hatua ya 4: Picha ya studio au chapa ya mashine?

Chukua lenzi inayokuza mara 10. Ukiona vinukta vidogo vilivyopangwa, hiyo imechapwa kwa mashine. Rangi ikiteleza bila nukta, ni picha halisi ya kusafishwa studio, na mara nyingi ndiyo adimu. Iinamishe kwenye mwanga: picha halisi ya zamani huwa na mng'ao kama fedha sehemu zenye weusi, hasa pembeni. Nakala mpya haina mng'ao huo, na karatasi yake huwa nyeupe mno. Pima pia: za zamani ni kama sentimita 9 kwa 14, za sasa nyingi ni 10.5 kwa 14.8.

Hatua ya 5: Kama haiuzwi, itengeneze

Piga picha eneo lenyewe, chapisha kwa kipimo cha sentimita 10 kwa 15 kwenye karatasi nzito isiyong'aa, gramu 250 hadi 300. Inayong'aa haifai, wino wa muhuri hauingii, unapakaa. Bandika stempu kona ya juu kulia, peleka posta iliyo karibu na eneo hilo, mwombe karani agonge kwa mkono, kisha subiri dakika mbili kabla ya kuigusa. Nyuma andika kwa penseli mahali, tarehe na upande uliosimama.

Hatua ya 6: Kutunza kwenye nchi ya ukungu

Adui ni unyevu, Tukuyu hasa. Unyevu wa hewa ukae kati ya asilimia 40 na 50. Kabati lisiguse ukuta wa nje, acha sentimita 10, na lisikae sakafuni. Mifuko iwe ya polipropilini au poliesta. Ile laini yenye harufu ya plastiki mpya ni PVC, nayo hutoa kemikali zinazofanya kadi inate. Solotepu, rababendi na pini za stepla ni marufuku. Vidonge vya kufukuza mende visikae sanduku moja na albamu.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Tukuyu: Shikamoo mwalimu. Kadi zangu zina ukungu wa kijivu, nizianike juani?*

Marahaba. Juani hapana, zitapauka na kujikunja. Zitenge na nyingine, zilaze kivulini penye upepo siku mbili tatu hadi ukungu uwe mkavu kama vumbi, kisha upanguse nje ya nyumba kwa brashi laini, umefunika pua. Ukipangusa ukiwa bado mbichi unausugulia ndani ya karatasi.

*Kutoka Mwanjelwa: Mkuu, kuna kadi nauziwa imeandikwa "Mbeya 1905", ina stempu ya Mjerumani. Ninunue?*

Usinunue. Mji wa Mbeya ulianza miaka ya 1920, enzi ya Mwingereza. Vivyo hivyo kimondo cha Mbozi, kilijulikana nje ya eneo lile 1930. Kadi ya Kijerumani yenye kimondo ni ya kughushi.

*Kutoka Makambako: Niloweke kadi nibandue stempu nikusanye peke yake?*

Ukifanya hivyo umeharibu vitu viwili kwa mkupuo mmoja. Stempu, muhuri na anwani vikiwa pamoja ndivyo vinavyosema kadi ilitoka wapi na lini.

*Kutoka Iringa mjini: Kadi imenata kwenye mfuko wa nailoni, upande wa picha.*

Usivute, picha itabaki kwenye nailoni. Kata mfuko kuzunguka pale iliponata, sehemu nyingine iache huru, kisha ipige skana hivyo hivyo kwa nukta 600 kwa inchi, ili picha isikupotee hata hali ikizidi kuwa mbaya.

*Kutoka Njombe: Mchele unanyonya unyevu sandukuni?*

Unaleta fukusi. Tumia vijifuko vya silika, vile vya kwenye maboksi ya viatu, viwili au vitatu kwa sanduku dogo, na uvibadilishe mvua zinapoanza Novemba.