Kumzoesha mbwa kibanda: kilichotutesa ni komeo

Jirani yangu alichukua mbwa mzima wa miaka 3, akamtafutia kibanda, na usiku wa kwanza akamsukumia ndani akafunga. Kulipokucha fremu ya mlango ilikuwa imetafunwa na mbwa anatoka damu kwenye ufizi. Aliponiita tulianza upya, ikatuchukua karibu wiki 3. Siku nyingi kati ya hizo zililiwa na hatua ya 4, kwa hiyo mkiiona ndefu msishangae.

1. Kibanda

Mbwa aweze kusimama bila kichwa kugusa juu, ageuke, na alale amenyoosha miguu. Kwa mtoto wa mbwa usiache nafasi kubwa mno, maana atalala pembe hii na kukojoa pembe ile. Weka ubao wa kugawa, uusogeze anavyokua. Mimi ni mtu wa mbao zenye matundu ya hewa. Bati sitaki hata la bure. Juani linakuwa tanuri, na mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi, joto lake analipunguza kwa kuhema.

2. Aingie kwa miguu yake

Funga mlango kwa kamba ubaki wazi, upepo usije ukaubamiza akiwa ndani. Tandika fulana yako uliyoivaa, isiyofuliwa. Tupa kipande cha nyama mlangoni, kinachofuata ndani kidogo, halafu kule mwisho. Akichukua na kukimbia nje, mwache akimbie. Bakuli la chakula nalo lisogee ndani kidogo kila mlo. Usimvute, usimsukume, na usimfungie humo kwa kosa alilofanya, labda kama unataka kurudi mwanzo.

3. Neno

Chagua moja. Sisi tulitumia "Kibandani". Liseme mara moja tu, kabla hajaingia.

4. Mlango

Hapa ndipo tulipokwama. Mbwa alikuwa anaingia vizuri, anakula humo, hata kusinzia anasinzia. Tukirudisha mlango, ametulia. Tukifunga, anaruka na kuanza kukwaruza. Tulipunguza muda hadi sekunde 2, hakuna kilichobadilika. Siku 5 tuliamini anaogopa kufungiwa.

Siku ya 6 nilichuchumaa pembeni nikamtazama masikio tu. Mlango ulipofika kwenye fremu, masikio yalikaa vilevile. Jirani alipovuta komeo la chuma, kacha! Masikio yakalala nyuma, mate yakaanza. Kumbe mlango hauna neno, kelele za komeo ndizo zilizokuwa zinamrudisha usiku ule wa kwanza.

Basi komeo tukalifanya somo peke yake. Mlango uko wazi, mbwa amelala popote, unavuta komeo polepole na papo hapo unatupa nyama. Sauti kwanza, nyama baadaye, usigeuze. Mara 10 asubuhi, mara 10 jioni. Siku ya tatu alikuwa akisikia kacha anageuza kichwa kutafuta nyama. Ndipo tukakomea akiwa ndani: sekunde 1, tukakomoa. Kisha 3, 5, 10. Usipande tu kila mara. Baada ya 10 rudi 4, asije akajua kila zamu ni ngumu kuliko iliyopita. Ukiweza, lipake komeo mafuta. Sisi tulilikumbuka hilo tukiwa tumeshamaliza.

Kuhusu kulia: wengi husema usimfungulie kamwe akilia. Nakubali nusu. Akinung'unika tu, subiri anyamaze hata pumzi moja, kisha fungua. Lakini akitiririka mate, akiuma mlango au akikwaruza kama anayezama, fungua hapo hapo. Huyo hadeki, amepaniki, na wewe ndiye uliyekimbia mno. Kesho anza na nusu ya muda.

5. Kuondoka

Kufungiwa ukiwa umekaa karibu na kufungiwa ukiwa umeondoka ni mambo mawili. Ukianza kutoka, rudisha saa kwenye sekunde. Mtembeze kwanza, akojoe, umvue mkanda wa shingoni usije ukanasa, umpe mfupa wa kutafuna. Usiage. Ukirudi usishangilie.

6. Usiku

Wiki ya kwanza kibanda kiwe mahali anapokusikia. Mtoto wa mbwa wa miezi 3 hawezi kuzuia mkojo usiku kucha, kwa hiyo akilia saa nane usiku mtoe, akojoe, arudi, bila mchezo wala taa. Kama kadirio la mchana, hesabu saa 1 kwa kila mwezi wa umri, na hata mbwa mzima usimwache humo kutwa nzima.

Yule wa jirani sasa mlango hauguswi tena usiku. Anaingia mwenyewe, anazunguka mara mbili juu ya fulana, anaangalia komeo, anangoja nyama yake.