Namna ya Kukabiliana na Mteja Msumbufu kwa Fundi Anayejitegemea

Fundi aliyeajiriwa akikorofishana na mteja humwachia msimamizi wake, naye akaendelea na kazi. Fundi anayejitegemea hana wa kumwachia, kwa kuwa yeye ndiye aliyetaja bei, ndiye aliyeifanya kazi, ndiye anayedai fedha, na ndiye atakayesikiliza lawama huku mikono yake ingali na saruji. Nimetandika vigae kwa miaka mingi, na nikizikumbuka kesi zilizonikosesha usingizi naona kwamba nyingi hazikuanza siku mteja alipofoka, bali siku tulipopatana, pale kila mmoja wetu aliponyamazia jambo akidhani mwenzake ameshalielewa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mambo yanayoutangulia ugomvi.

Tofautisha makadirio na bei ya mapatano, na umwambie mteja waziwazi ni ipi kati ya hizo unayompa. Makadirio yanaweza kupanda au kushuka baada ya ukuta kupasuliwa na kuonekana kilichomo. Bei ya mapatano haibadiliki mpaka kazi yenyewe ibadilike. Ukimtajia mteja viwango viwili, cha chini na cha juu, atakachokikumbuka ni cha chini, wala usimlaumu, kwa sababu hata wewe ukiwa mnunuzi hufanya vivyo hivyo. Kisha andika kilichomo katika bei na, la muhimu zaidi, kisichokuwamo: nani ananunua vifaa, nani anahamisha samani, nani anaondoa kifusi, nani atapaka rangi upya mahali palipochimbwa ili kupitisha bomba. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na fundi anapaswa kuielewa methali hiyo kuliko mfanyabiashara yeyote. Hati ya kurasa nyingi haihitajiki kwa kazi ndogo; ujumbe wa simu unatosha, ilimradi mteja aujibu kwamba amekubali. Piga pia picha za chumba kabla hujafungua mfuko wa vifaa, hasa sakafu, milango na kila ufa uliokuwapo, kwa maana ufa ambao haukupigwa picha siku ya kwanza utakuwa wako siku ya mwisho.

Mweleze pia tabia za vifaa ambazo mtu asiye fundi hazijui. Lipu mpya inaweza kutoa nyufa nyembamba kama unywele kwa sababu husinyaa inapokauka. Mlango wa mbao hutanuka msimu wa unyevu ukaanza kukwama, na rangi iliyo mbichi ukutani si ile utakayoiona ikishakauka. Zege hupimwa nguvu yake siku ya 28, kwa hiyo anayetaka kuipakia mzigo mzito siku ya tatu anapaswa kusikia mapema kwamba haitakuwa imekomaa. Jambo ukilisema kabla ya kazi ni maelezo, na ukilisema baada ya kazi ni kisingizio, hata maneno yakiwa yale yale.

Kuhusu malipo, ushauri wangu ni kwamba malipo ya awali yatosheleze vifaa, yanayofuata yaambatane na hatua zinazoonekana kwa macho, na fungu la mwisho liwe dogo. Fundi anayesubiri zaidi ya nusu ya fedha zake mpaka siku ya kukabidhi kazi amemkopesha mteja bila kujua, na mteja aliyeishiwa fedha hatakwambia kwamba ameishiwa. Atakwambia kwamba kigae cha pembeni hakikumpendeza. Nawe uliyepokea fedha za vifaa, usizitumie kumalizia kazi ya mteja mwingine. Hapa mafundi hatuna budi kukiri kwamba baadhi ya wateja ni wagumu kwa sababu wamekwisha kuumwa na mafundi wenzetu, waliochukua arubuni wakawa watu wa “kesho”.

Kazi ikiendelea, hatari kubwa ni sentensi inayoanza na “kwa kuwa uko hapa hapa”. Kwa kuwa uko hapa hapa, nirekebishie na koki hii. Kwa kuwa una saruji, ziba na lile tundu la nje. Ombi moja la dakika tano halina neno, na mara nyingine wema huo hurudi ukiwa kazi nyingine. Maombi matano ni siku nzima, na hiyo siku nzima hutaiona katika malipo. Usikatae kwa kununa. Jibu kwamba kazi hiyo inawezekana, kwamba haimo katika mapatano ya awali, kwamba itaongeza kiasi fulani cha fedha na siku fulani, kisha uliza kama uiandike. Nimeshangazwa mara nyingi kuona ombi linavyoyeyuka pale tu ninapotoa kalamu, bila mtu yeyote kukasirika.

Mteja anayesimama nyuma ya bega lako mchana kutwa si lazima awe mbaya. Mara nyingi anaogopa, kwa sababu analipia kitu asichoweza kukikagua. Mpe saa maalumu ya kukagua, tuseme mwisho wa kila siku, umtembeze na kumwonyesha kilichofanyika na kitakachofuata. Akishaijua saa yake, huondoka mwenyewe.

Lalamiko linapokuja, utaratibu ninaoufuata niliufunzwa na mteja mmoja aliyenitoa jasho. Nilikuwa nimemaliza sakafu ya chumba cha kuogea, naye akapiga magoti, akatoa funguo zake mfukoni, akaanza kugonga kigae kimoja kimoja. Penye gundi kamili sauti huwa nzito na fupi. Penye uwazi chini yake husikika kama mlio wa kopo tupu. Hasira ilinipanda, na neno la kwanza lililonijia ulimini lilikuwa la kumuuliza kama yeye ndiye fundi. Nikalimeza. Nikapiga magoti kando yake kwa mpini wa nyundo, tukagonga sakafu nzima pamoja, na kila kigae kilichotoa sauti ya shaka tukakiwekea alama ya chaki. Vilipatikana viwili karibu na mlango. Nikamwambia kwamba kimoja kina uwazi mdogo wa pembeni usiokuwa na madhara, lakini cha pili kiko pale mguu unapokanyaga na kingekuja kupasuka, hivyo ningevibandua vyote viwili asubuhi iliyofuata bila malipo. Akalipa siku hiyo ya pili, na hakuongeza lalamiko lingine.

Tangu hapo hufanya mambo matatu kwa mfuatano: namsikiliza mteja mpaka amalize bila kumkatiza, namwomba anionyeshe mahali penyewe kwa kidole, kisha tunapima pamoja kwa kifaa ambacho hakina upande. Pimamaji haibishani na mtu, wala futi haina jamaa. Lalamiko la “kazi yako mbaya” halina mwisho, ilhali la “ukuta huu umeinama hapa” linaweza kupimwa likamalizika. Ikiwa kosa ni lako, likubali kwa maneno machache, taja siku ya kulirekebisha, na siku hiyo ufike. Ikiwa si lako, mweleze chanzo chake ukimwonyesha picha na maandishi ya mwanzo, bila sauti ya ushindi, kwa kuwa mtu aliyeaibishwa nyumbani kwake hushikilia fedha kwa sababu ya aibu tu. Ukipokea ujumbe wa matusi usiku, usiujibu usiku huo. Ujibu mchana, kwa heshima, ukiandika kana kwamba utasomwa siku moja na mtu wa tatu, maana huenda ukasomwa kweli.

Punguzo ni dawa, na kama dawa nyingine lina kipimo chake. Usilitoe ili kumnyamazisha mteja katikati ya kazi, kwa kuwa atajifunza kwamba kelele hulipa. Kama umeona kuwa kupunguza ni nafuu kuliko kuendelea kubishana, litoe mara moja tu, mwishoni, na mwandikiane kwamba kiasi hicho kinamaliza deni na malalamiko yote.

Kwa mteja anayekwepa kulipa, anza na ankara yenye tarehe ya mwisho ya malipo, ufuatishe ukumbusho wa maandishi wenye lugha ya adabu, kisha barua inayotaja hatua utakayochukua. Nchi nyingi zina utaratibu wa mahakama au baraza kwa madai madogo ambao mtu anaweza kuutumia bila wakili, na hapo ndipo ujumbe wako wa mapatano na picha zako zitakapokuwa mashahidi. Jambo moja usilifanye hata ukichokozwa vipi: usirudi kung'oa ulichokwisha kukifunga. Kigae kilichobandikwa au bomba lililofungwa huhesabiwa na sheria za nchi nyingi kuwa sehemu ya jengo, hivyo ukiling'oa unaweza kujikuta umetoka kuwa mdai ukawa mshitakiwa.

Wapo wateja ambao dawa yao ni kutowapokea kabisa. Mimi huwa na tahadhari na mtu anayewatukana mafundi wote watatu waliomtangulia, anayekataa kuandikiana lolote kwa madai kwamba sisi ni ndugu, au anayeomba punguzo la sasa kwa ahadi ya kazi kubwa zijazo. Kumkataa mtu wa namna hiyo hakuhitaji uongo wala maelezo marefu. Humwambia hivi: “Nimeiangalia kazi yako, na kwa masharti haya sitaweza kuifanya kwa kiwango kitakachoturidhisha sote wawili, kwa hiyo naomba umtafute fundi mwingine.” Akiuliza ni masharti gani, humtajia. Wachache wao hurudi baada ya wiki moja wakiwa tayari kuandikiana, na hao huwapokea kama mteja mwingine yeyote, kwa bei ile ile niliyoitaja mara ya kwanza.