Umeme Ukikatika kwa Muda Mrefu, Anza na Maji

Umeme unapokatika katika eneo kubwa na hakuna dalili ya kurudi upesi, wengi hukimbilia mishumaa na chaji ya simu, ilhali jambo la kwanza ni maji, kwa kuwa pampu zinazoyapandisha kwenye matangi hutegemea umeme huohuo, na bomba litaendelea kutoa maji kwa muda tu. Jaza ndoo, sufuria na madumu saa ileile, ukihesabu angalau lita 4 kwa kila mtu kwa siku, na zaidi kukiwa na joto kali. Maji usiyoyaamini yachuje kwa kitambaa safi, kisha yaache yatokote kwa nguvu kwa dakika 1 kamili. Nishati ikiwa adimu, mimina maji maangavu katika chupa ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita 2, uilaze juani kwa saa 6, au siku 2 mfululizo mawingu yakitanda.

Friji ikibaki imefungwa hutunza ubaridi kwa saa 4 hivi.

Nasisitiza zaidi hili: jenereta na jiko la mkaa visiwashwe ndani kamwe. Kaboni monoksidi, gesi ya sumu ambayo vyote viwili huitoa, haina rangi wala harufu, na aliyelala huweza kufa bila kuamka. Hata makaa yaliyofunikwa na majivu meupe, yanayoonekana kama yamekwisha kuzimika, bado huitoa, kwa hiyo usiyaingize chumbani usiku ili kuota moto.