Kabla hujaitengenezea timu ya shule video ya mzuka

Tangu fainali za taifa za UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, za mwaka 2021 zichezwe hapahapa Mtwara, kila shule inataka kuonekana. Msimu ukikaribia, mwalimu wa michezo ananipigia: anataka kapromo kadogo, kesho kutwa, na malipo ni soda. Za soda nimeshafanya nyingi. Kama na wewe umeombwa, au ndiye mwenye simu nzuri kuliko wenzako na wameshakuteua, soma haya kabla hujabonyeza kile kitufe chekundu.

Chaji usiku, usisubiri asubuhi. Beba pawabenki na waya wako mwenyewe. Safisha simu ibaki na nafasi ya GB 16 hivi. Ukirekodi kwa ubora wa 1080p utapata zaidi ya saa nzima, na kwa promo ya dakika moja hiyo inatosha sana. Ubora mkubwa zaidi wa 4K waachie wenye kompyuta. Futa kioo cha kamera kwa kitambaa laini kila unapofika uwanjani, maana huku kwetu chumvi ya bahari na vumbi huungana vikawa ukungu ambao utauona ukishafika nyumbani.

Uliza video itaangaliwa wapi. Kama ni kwenye simu, rekodi ukiwa umeisimamisha. Kama mkuu wa shule anataka kuirusha ukutani bwaloni kwa projekta, ilaze. Usirekodi nusu hivi na nusu vile halafu uje kunililia.

Mwezi Juni jua linazama kama saa kumi na mbili jioni. Mechi ikianza saa kumi, mwanga mtamu unaupata kipindi cha pili. Lipe jua mgongo, likuangazie wachezaji usoni. Ukiwa Masasi, zungusha kamera hadi ile milima ya mawe iwe nyuma yao, mandhari ya bure hayo. Na ujue ni msimu wa kusi: upepo ukiingia kwenye maiki utasikia vuu tu, hakuna shangwe wala filimbi. Mimi nakata kipande cha sponji ya godoro naziba nacho maiki. Kinachekesha, ila kinafanya kazi.

Matukio ya kupunguza kasi yarekodi kwa fremu (yaani picha) 60 kwa sekunde, au 120 kama simu inaweza. Ukirekodi kwa 30 halafu ukailazimisha iende taratibu, mchezaji atakuwa anarukaruka kama picha za kuchanachana. Ndani ya bwalo usiku, taa zikionekana kupepesa, shusha hadi fremu 25. Umeme wetu ni wa hezi 50 na hapo ndipo vinapoelewana.

Sasa hili ndilo lililoniumiza. Kabla ya kurekodi mtu yeyote, omba orodha ya wachezaji waliosajiliwa. Majina, vidato, namba za jezi. Mkononi, kwenye karatasi.

Sekondari moja, sitaitaja, iliniita kabla ya mashindano ya wilaya. Walikuwa na namba 9 wa mguu wa kushoto, na kwenye kifundo cha mkono wa kulia alifunga bandeji nyeupe. Kila akifunga goli anaibusu ile bandeji. Kwa mpiga video, huyo ni zawadi. Nikampunguza kasi, vumbi linapanda kutoka kwenye kiatu, mpira unatoka, bandeji inaenda mdomoni, nikapachika maandishi makubwa: NAMBA 9, HATARI. Ndevu zake niliziona. Nilijisemea labda ni wa kidato cha sita, na shule yenyewe inaishia cha nne. Sikuuliza.

Video ilitoka saa tatu usiku. Kufikia asubuhi ilikuwa hadi kwenye magrupu ya wakulima wa korosho. Mwalimu wa timu pinzani akaisimamisha palepale penye bandeji, akamtambua. Kijana alimaliza kidato cha nne miaka miwili nyuma, kwenye shule ya mwalimu huyohuyo, na ndiye aliyemfundisha Hesabu. Mamluki, yaani mchezaji wa kuazima asiye mwanafunzi wa shule. Rufaa ilipelekwa ikiwa na video yangu kama ushahidi, na timu nzima ikaondolewa, pamoja na watoto waliosajiliwa kihalali na waliokuwa wanafanya mazoezi tangu Januari.

Mkuu wa shule hakufoka. Alisema, "Fundi, tulikuomba utupaishe, wewe umetuanika." Kipa wao, mtoto wa kidato cha pili, akaniuliza kama ile video nitaifuta. Nilimwambia nitaifuta. Lakini video ikishaingia kwenye magrupu hakuna wa kuifuta.

Simaanishi uwasaidie kuficha mamluki. Kosa lilikuwa la waliomwingiza, na lingegundulika hata bila mimi. Ila siku hizi jina lisipokuwa kwenye karatasi, sirekodi sura. Mwalimu akianza "huyo tutamweka sawa", nakunja stendi.

Orodha hiyohiyo itakusaidia kupata ruhusa. Hawa ni watoto, kwa hiyo mkuu wa shule aseme kwa maandishi na wazazi wajulishwe. Asiyetaka kuonekana usimlazimishe kwa utani. Netiboli usiirekodi ukiwa umechuchumaa. Kamera ikae usawa wa kifua, na klipu yenye sketi iliyopeperushwa na upepo unaifuta hapohapo.

Muziki chagua kabla ya kukata na kuunga klipu, halafu kila mkato uangukie kwenye biti. Lakini wimbo wa msanii una hakimiliki, na mitandao inaweza kukuzimia sauti. Warekodi wanafunzi wenyewe wakiimba na kupiga ngoma. Mbona huo mzuka haununuliki? Ukituma kwa WhatsApp tuma kama faili, la sivyo itabanwa hadi jezi zisomeke kama madoa.

Droni inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, kwa hiyo kama huna, usimwazime mjomba ya kwake. Usiweke klipu ya kumdhihaki mpinzani; mtakutana naye tena. Usimwachie mwanafunzi simu "akushikie kidogo". Klipu ghafi tunza hadi mashindano yaishe. Usisimame nyuma ya goli lisilo na nyavu. Na usiende na ndala, viwanja vingi vya huku vina mbigili.